Darasa la kwanza la 2020 limefika la saba: mwanao anasoma?

MZAZI mwenzangu, tuhesabu pamoja. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2020 alikuwa la pili mwaka 2021, la tatu 2022, la nne 2023, la tano 2024 na la sita 2025. Mwaka huu wa 2026 yuko darasa la saba. Anajiandaa na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao miaka ya karibuni umekuwa ukifanyika Septemba. Akifaulu, Januari 2027 atavaa sare ya kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza.

Huyo ndiye mtoto wa korona. Wengi tumeshamsahau kwa jina hilo, kwa sababu amekua, sauti inabadilika na viatu vya mwaka jana havimtoshi tena. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na miaka sita au saba, ndiyo kwanza anajifunza a, e, i, o, u, pale shule zilipofungwa.

Kumbuka ilivyokuwa. Machi 16, 2020 ilitangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Kesho yake, Machi 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30 za mwanzo. Siku 30 zikaongezwa. Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1, wengine wote wakarudi Juni 29. Kwa mtoto wa darasa la kwanza hizo ni takribani wiki 15 nyumbani, baada ya kukaa darasani wiki kumi hivi tu.

Leo nataka tuzungumze kuhusu hizo wiki 15. Nia si kumlaumu mtu kwa yaliyopita. Kuna watoto ambao bado wanazibeba hadi leo, nao wanapanda madarasa kimyakimya, na muda wa kuwasaidia wakiwa bado shule ya msingi unakwisha.

“Ilikuwa miezi mitatu tu”

Najua jibu la wengi. Kenya walifunga Machi 2020 na shule zote zikarudi Januari 2021. Uganda walifunga Machi 2020 na hawakufungua kikamilifu mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili. Sisi tulifunga miezi mitatu na kidogo, na sehemu ya muda huo ingekuwa likizo ya Juni hata hivyo. Kwa nini tuhangaike?

Kuna nchi iliyopitia jambo linalofanana na letu kwa urefu wa muda, nayo ni Pakistan. Oktoba 8, 2005 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga kaskazini mwa nchi hiyo. Shule za eneo lile zilifungwa kwa wastani wa wiki 14 hivi. Baadaye misaada ikaja, nyumba zikajengwa upya, watoto wakarudi darasani. Watafiti walikwenda kuwapima watoto hao miaka minne baadaye. Hali za nyumba zilikuwa zimesawazika kweli. Lakini kimasomo, watoto waliokuwa karibu na mstari wa mpasuko wa ardhi walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa shule au zaidi.

Tetemeko lina majeraha yake ambayo korona haikutuletea, kwa hiyo tusichukue namba ile na kuibandika kwetu. Cha kujifunza ni namna jambo lenyewe linavyokwenda. Wiki 14 zinawezaje kuzaa pengo la zaidi ya mwaka? Maelezo yanayoingia akilini ni haya: mtoto aliporudi, mwalimu aliendelea na mada za darasa lake, na yule aliyeachwa hakuelewa somo jipya kwa kuwa hakuwa na lile la zamani. Mwaka uliofuata akaelewa kidogo zaidi ya hapo. Pengo likakua akiwa ameketi darasani kila siku, sare safi, mahudhurio kamili.

Utafiti huo ulikuta jambo jingine. Watoto ambao mama zao walikuwa wamesoma angalau hadi kumaliza shule ya msingi hawakuwa na pengo lile. Tetemeko lilikuwa lile lile na shule zilifungwa vile vile. Tofauti ilikuwa nyumbani, na huenda ni kwamba palikuwa na mtu mzima anayeweza kugundua kuwa mtoto hajui, akakaa naye. Lishike hilo, tutalirudia.

Miezi ile kwetu ilikuwaje

Serikali ilijitahidi kupeleka masomo hewani. Vipindi vilirushwa kwenye TBC na redio, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikaweka vitabu mtandaoni. Mtoto wa mjini, mwenye televisheni sebuleni na simu ya baba yenye bando, aliambulia kitu. Lakini kipindi cha redio hakiwezi kumshika mkono mtoto wa miaka saba akaumba herufi “k”. Na kwa nyumba nyingi za vijijini hata hiyo redio ilikuwa inakwenda shambani na mwenye nyumba.

Tena Machi hadi Juni, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, si miezi ya kukaa. Kyela na Mbarali mpunga unakaribia kukomaa na mtu wa kuamia ndege anahitajika. Rungwe chai inataka kuchumwa. Kuanzia Mei mahindi yanavunwa Isimani, Mbozi na kwingine. Mtoto aliyeko nyumbani ni mikono miwili ya ziada. Sisemi hivyo kwa kumsuta mtu, ndivyo maisha yetu yalivyo.

Na kuna suala la lugha. Mtoto wa Tukuyu akirudi nyumbani anaongea Kinyakyusa na bibi yake. Wa Mbeya vijijini, Kisafwa. Wa Kilolo, Kihehe. Hilo ni jambo jema na tusiliue. Lakini Kiswahili cha kusomea alikuwa ndiyo kwanza anakionja shuleni. Wiki 15 baadaye alirudi mbele ya ubao akiwa amepoteza herufi na pia maneno ya lugha inayoziandika.

Shule zilipofunguliwa, ratiba ilibanwa, muda wa vipindi ukaongezwa, mtihani wa darasa la saba wa 2020 ukasogezwa hadi Oktoba. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Lakini ziangalie vizuri: zililenga kumaliza mada na kuwavusha madarasa ya mitihani. Mtoto wa darasa la kwanza hakuwa na mtihani wa taifa mwaka ule. Hakuna aliyekuwa anamkimbilia.

Ugonjwa ulikuwepo kabla

Tuwe wakweli, korona haikuleta tatizo hili. Mwaka 2012 Serikali yenyewe ilieleza kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walibainika hawajui kusoma na kuandika. Walikuwa wamefanya mtihani wa darasa la saba na kuchaguliwa. Inawezekanaje? Sehemu kubwa ya mtihani ule ni maswali ya kuchagua herufi. Mtoto anayebahatisha, au anayechungulia kwa jirani, anaweza kuokota alama.

Baada ya aibu ile nchi ilifanya kazi. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa mambo mengi ili nguvu iende kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mkoa wa Iringa ulipata bahati ya ziada. Tangu 2016 ulikuwa ndani ya mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani, pamoja na Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar. Kuanzia 2021 ukafuatiwa na Jifunze Uelewe. Vitabu vya hadithi vilifika, walimu wa madarasa ya chini wakapata mafunzo, na wazazi wakaanza kukaa pamoja na walimu kuzungumzia kusoma. Mbeya haikuwa kwenye miradi hiyo miwili. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada lililokuwa likifadhili kazi hizo.

Maana yake ni moja kwa mikoa yote miwili: tusisubiri mradi. Kilichopo ni halmashauri zetu, walimu wetu na sisi wenyewe.

Dunia nzima ina kidonda hiki. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto 70 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa habari fupi. Kabla ya korona walikuwa 57. Kwa hiyo ukigundua mwanao ni mmoja wao, usijione umelaaniwa wala usimwone yeye ni mzito. Yuko na wenzake wengi.

Mpime mwenyewe, dakika kumi

Ripoti ya shule inakuambia mwanao amekuwa wa 34 kati ya 112. Haikuambii kama anaweza kusoma. Wa kwanza katika darasa ambalo wengi hawasomi anaweza naye kuwa hasomi vizuri. Kwa hiyo mpime mwenyewe. Hakuna fedha inayohitajika. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa zilizoachana.

Hatua ya kwanza, silabi: ba, nye, mbu, kwa, ng'o.

Hatua ya pili, maneno: kuku, nyumba, ng'ombe, mwalimu, kiangazi.

Hatua ya tatu, aya hii: “Juma ana mbuzi watatu. Kila asubuhi anawapeleka malishoni. Jana mbuzi mmoja alipotea. Juma alimtafuta mpaka jioni. Alimkuta amelala chini ya mparachichi.”

Hatua ya nne, maswali mawili: Mbuzi aliyepotea alikutwa wapi? Na, kwa nini jana Juma alichelewa kurudi nyumbani?

Anza na aya. Akiisoma kwa mtiririko, bila kusimama kila neno, na kujibu maswali yote mawili, mshukuru Mungu na umpe kitabu kigumu zaidi. Akisoma vizuri lakini swali la pili likamshinda, anatamka bila kuelewa. Kazi yake ni kuelewa. Akikwama kwenye aya, rudi kwenye maneno. Akikwama kwenye maneno, rudi kwenye silabi. Pale anapoweza bila shida ndipo alipo. Mtoto aliyemaliza darasa la pili anatakiwa kuisoma aya ile. Wa darasa la saba asiyeiweza yuko kwenye hatari, na ni heri ujue leo kuliko Januari.

Kwa hesabu, mwandikie mbili tu: 47 jumlisha 38, na 52 toa 27. Kisha mtume dukani kwa maneno: “Sukari shilingi 3,200, nimekupa 5,000, utarudi na ngapi?” Anayejibu la duka na kushindwa la karatasi ana akili ya hesabu. Anachokosa ni namna ya kuziandika. Anayejibu la karatasi na kushindwa la duka amekariri njia tu. Wote wawili wanasaidika, ila kwa namna tofauti.

Sasa sharti kubwa. Usimpime mbele ya wadogo zake wala wageni. Usishike fimbo. Usitamke neno “mjinga”, wala “mwenzako fulani anasoma.” Mtoto wa darasa la sita asiyejua kusoma ameshatumia miaka kujificha: anajitolea kufuta ubao, anakaa nyuma, anaumwa tumbo siku ya kusoma kwa sauti. Ukimwaibisha atajificha zaidi. Mwambie hivi: “Nataka nijue tuanzie wapi, mimi na wewe.”

Umfundishe pale alipo

Hapa ndipo penye neno langu kuu leo. Mtoto aliyeachwa nyuma hafundishwi kwa kukimbizwa. Anafundishwa pale alipo, hata kama darasa lake liko mbali. Wa darasa la tano anayesoma silabi anahitaji maneno na sentensi fupi. Ukimnunulia kitabu cha maswali na majibu cha darasa la saba umemnunulia mzigo. Ukimpeleka twisheni ambako anarudia mada zile zile zinazomshinda asubuhi, umelipia usingizi wake wa jioni.

Nchi nyingine zimelijaribu jambo hili. Huko India, shirika la Pratham limelifanya kwa miaka mingi: watoto wa madarasa tofauti wanapangwa kwa makundi kufuatana na wanachoweza kusoma, na kila kundi linafundishwa kuanzia hapo. Jirani zetu wa Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, walianza mwaka 2016. Kwa muda maalumu wa siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanaacha madarasa yao, wanakwenda kwenye makundi ya uwezo, kisha wanarudi kuendelea na ratiba. Walimu ni wale wale na vyumba ni vile vile. Kilichobadilika ni namna ya kupanga.

Na kwa sisi wenye simu mkononi, Botswana wana somo letu. Shule zilipofungwa mwaka 2020, wawezeshaji walipiga simu za kawaida nyumbani mara moja kwa wiki, kama dakika 20. Mzazi aliweka spika, mtoto akasikiliza, mwezeshaji akatoa swali la hesabu linalolingana na kiwango cha mtoto huyo. Watoto waliopigiwa simu walifanya vizuri kuliko ambao hawakupigiwa. Waliotumiwa ujumbe mfupi peke yake hawakupata nafuu ya maana. Jaribio hilo likarudiwa katika nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwemo, nako likafaa. Dakika 20 kwa wiki, kwa simu ya tochi! Kilichosaidia ni mtu mzima mmoja anayejua kiwango cha mtoto na kumrudia kila wiki.

Jioni za nyumbani

Sasa rudi kwa wale mama wa Pakistan. Hawakuwa walimu. Walikuwa watu waliomaliza angalau shule ya msingi, kama wengi wetu. Hiki ndicho unachoweza kufanya jioni, dakika 15 hadi 20, siku nne au tano kwa wiki.

Msomee kwanza wewe, yeye afuatishe kwa kidole. Kisha msome pamoja. Kisha asome peke yake. Akikosea neno, mtajie taratibu, endeleeni, mtalirudia mwishoni. Mwisho mwambie akusimulie kwa maneno yake. Akisimulia kwa Kihehe au Kinyakyusa ni sawa kabisa, kwa sababu unapima kama ameelewa.

Cha kusoma kipo. Kipande cha gazeti kilichofungia maandazi, maelezo kwenye mfuko wa mbolea, ujumbe wa shangazi kwenye simu, kitabu cha nyimbo za kanisani, kasida za madrasa. Kwenye simu, maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada, na African Storybook ina hadithi fupi nyingi za Kiswahili za bure. Kwa hesabu, katuni za Ubongo Kids zinatengenezwa hapa hapa Tanzania kwa Kiswahili.

Kama wewe mwenyewe hukubahatika kusoma, usirudi nyuma. Kaa hapo. Mtoto asome, wewe sikiliza, kisha umuulize: ilikuwaje? nani alifanya nini? kwa nini? Kusikika kwake akikwama utakusikia hata kama herufi huzijui. Mwombe kaka yake wa sekondari au mtoto wa jirani awe msahihishaji, umpe hata kikombe cha chai. Na hesabu za sokoni, mafungu ya viazi na debe la mahindi, unazijua kuliko kitabu.

Shuleni useme nini

Mwalimu wa darasa lenye watoto 90 hana namna ya kumsikiliza kila mmoja akisoma. Ukiingia ofisini kwa ukali, atajitetea. Ingia hivi (na kama ni mtu mzima kwako, shikamoo itangulie): “Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama Furaha wa darasa la tano. Sijaja kulalamika. Jana nimemsikiliza mwanangu akisoma aya fupi, maneno anayaweza lakini sentensi nzima inamshinda. Naomba kujua kama nawe unamwona hivyo, na nyumbani nishike wapi.” Ni walimu wachache wanaosikia maneno hayo. Wengi watakupa kiti.

Kwenye mkutano wa wazazi, ambako kwa kawaida tunamalizia kwenye mchango wa uji na madawati, ulizeni mambo matatu kwa kamati ya shule. Moja, watoto wa darasa la tatu hadi la sita wamepimwa kusoma mmoja mmoja mwaka huu? Mbili, wangapi hawawezi kusoma aya, na wako madarasa gani? Tatu, shule inaweza kutenga nusu saa au saa moja, hata siku tatu kwa wiki, watoto wapangwe kwa uwezo bila kujali darasa?

Swali la tatu lipelekeni pia kwa Afisa Elimu Kata na diwani. Halmashauri ndizo zinazosimamia shule hizi, iwe Jiji la Mbeya, Rungwe, Kyela, Mbarali au Chunya, iwe Manispaa ya Iringa, Kilolo, Mufindi au Mji wa Mafinga. Kila mwaka tunasikia halmashauri ipi imeongoza kwa ufaulu wa darasa la saba. Takwimu hiyo ni nzuri, lakini inapimwa mwishoni, mtoto akishaondoka. Diwani wako aulize pia wangapi wa darasa la tatu wanasoma. Mambo ya funika kombe mwanaharamu apite yanawaumiza watoto.

Saa inakimbia

Kuna sababu ya kuharakisha. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao darasa la saba la mwisho litamaliza. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Na hao wa darasa la saba la 2027 ni akina nani? Ni waliokuwa darasa la awali Machi 2020. Nao walipoteza mwanzo wao.

Shule za sekondari zitakuwa na watu wengi, walimu watabanwa, na lugha itakuwa Kiingereza. Mtoto asiyesoma Kiswahili kwa kuelewa hatakuwa na pa kushikia. Tunajua anakoishia. Wa kiume ataonekana Mafinga anapakia mbao au Chunya kwenye mashimo ya dhahabu. Wa kike ataletewa habari za “kazi nzuri ya ndani Dar es Salaam”, na Iringa tunajua ni mabinti wangapi wamepandishwa basi kwa ahadi hiyo.

Kwa aliyekwisha kuacha, mlango upo. MEMKWA inapokea watoto waliokosa shule au kukatisha, na waraka wa Novemba 2021 uliwaruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, kurudi kwenye mfumo rasmi. Muulize mwalimu mkuu au Afisa Elimu Kata. Lakini kumrudisha aliyetoka ni kazi kubwa kuliko kumshika aliye ndani. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya Jumapili usiku, andika ile aya ya Juma na mbuzi wake kwenye karatasi. Mwite mwanao, wa darasa lolote kuanzia la tatu. Kaeni wawili tu, msikilize akisoma. Ukishajua alipo, Jumatatu jioni anzeni kutoka hapo.